Kukua hakuumi: mtazame mtoto wako asubuhi

Mtoto wa miaka sita amecheza siku nzima. Amekula, ameoga na kulala saa mbili usiku. Saa nne na nusu anaamka akilia, ameshika vigimbi vyote viwili, anasema miguu inamuuma. Mama anamchua kwa mafuta, na baada ya nusu saa mtoto amelala fofofo. Asubuhi ndiye wa kwanza kutoka nje kucheza. Siku tatu zinapita kimya, kisha usiku wa nne kilio kinarudi.

Nyumba yenye mtoto kama huyo huwa na kauli tatu. Bibi husema, "Anakua huyo, mwacheni." Baba husema, "Anadeka. Kama miguu inauma kweli, mbona asubuhi anakimbia?" Na jirani hushauri mtoto akachomwe sindano, kwa kuwa wa kwake alipona hivyo.

Kauli hizi nakutana nazo mara kwa mara katika kliniki ya watoto, na karibu zote hutoka kwa watu wanaompenda mtoto. Lakini kila moja ina gharama yake. Anayesema mtoto anadeka humfanya mwenye maumivu ya kweli aonekane mwongo. Anayekimbilia sindano humwingiza mtoto kwenye hatari ambayo hakuwa nayo. Na anayesema "anakua" kabla ya kumwangalia mtoto anaweza kuwa anafunika ugonjwa ambao hauvumilii kuchelewa.

Leo tulizungumze hilo neno "anakua". Halina ubaya likisemwa mwishoni, baada ya mtoto kuulizwa maswali, kuvuliwa nguo na kupimwa. Ubaya wake ni pale linapokuwa neno la kwanza na la mwisho, na kila mtu akarudi kulala.

Jina lilitangulia ushahidi

Jina "maumivu ya kukua" lina umri wa karne mbili. Daktari wa Ufaransa, Marcel Duchamp, aliyaandika mwaka 1823 akiyaweka miongoni mwa magonjwa ya ukuaji. Tangu hapo jina limeenea dunia nzima, lakini ushahidi kwamba kukua kwenyewe kunauma haujapatikana.

Mzazi, hebu fikiria. Mtoto hukua kwa kasi kubwa zaidi katika mwaka wake wa kwanza, anapoongezeka urefu kwa takriban sentimita 25. Kasi nyingine huja wakati wa kubalehe. Kati ya vipindi hivyo viwili huongezeka kama sentimita 5 hadi 7 tu kwa mwaka. Na ni hapo katikati, kuanzia miaka 3 hadi 12, ndipo maumivu haya huonekana zaidi. Isitoshe, mikono nayo hukua sambamba na miguu, lakini mtoto anayelia usiku kwa kawaida hulilia miguu.

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha katika jarida la Pediatrics mapitio ya machapisho 145 ya kitabibu yanayozungumzia maumivu haya. Walikuta kwamba madaktari hawana maelezo mamoja wanayokubaliana, na zaidi ya asilimia 90 ya machapisho hayo hayakutaja ukuaji kabisa yalipoeleza maumivu haya ni nini.

Hata hivyo maumivu yenyewe yapo, na si nadra. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kuwa kati ya watoto wa miaka 4 hadi 6, karibu asilimia 37 walikuwa nayo. Mara nyingi huandama familia. Ukimuuliza mama au shangazi atakumbuka kwamba naye utotoni alikuwa akichuliwa miguu usiku. Wataalamu hudhani yanatokana na misuli kuchoka baada ya siku ya kukimbia na kuruka, na pia kwamba baadhi ya watoto huhisi maumivu kwa wepesi kuliko wenzao. Hayaharibu mfupa wala hayaachi ulemavu. Mtoto akikua, huisha yenyewe.

Yanavyojitambulisha

Kwa kuwa hakuna kipimo cha damu wala picha inayoyaonyesha, tunayatambua kwa tabia yake. Tabia hizo hazina budi kuwapo kwa pamoja.

Kwanza, yanashika miguu yote miwili, hata kama usiku mmoja mguu mmoja utalalamikiwa zaidi. Pili, yanakaa kwenye nyama: vigimbi, mapaja, ugoko au nyuma ya magoti. Hayakai ndani ya kiungo. Tatu, huja jioni au usiku, hudumu kwa dakika kadhaa hadi saa moja au mbili, kisha huisha. Nne, huja na kuondoka; kuna siku au wiki nzima bila maumivu. Tano, mtoto anapenda kushikwa na kuchuliwa, na hupata nafuu. Sita, hakuna uvimbe, wekundu, joto wala homa, na mtoto anakula na kuongezeka uzito kama kawaida.

La saba ndilo zito kuliko yote: asubuhi mtoto ni mzima kabisa.

Asubuhi ndiyo shahidi

Turudi kwenye hoja ya baba. Mtoto alilia usiku, asubuhi anakimbia, kwa hiyo alidanganya. Wapo watoto wanaochapwa kwa hoja hii, na wapo wanaojifunza kunyamaza na maumivu yao kwa sababu wameshaitwa waongo. Kitabibu hoja hiyo imekaa kinyume. Maumivu haya ndivyo yalivyo: usiku yanauma kweli, asubuhi hayapo. Mtoto anayekimbia asubuhi hajakanusha kilio chake cha usiku. Amekupa habari njema kwamba mifupa na viungo vyake, kwa siku hiyo, vinafanya kazi.

Habari mbaya ni ile ya mtoto anayeamka akiwa amekakamaa, anayetambaa badala ya kutembea, anayechechemea hata kidogo, au anayeomba kubebwa wakati jana alikuwa akijiendea mwenyewe. Huyo asiambiwe anakua.

Kumtazama mtoto asubuhi hakuhitaji kifaa chochote. Mwangalie anavyoshuka kitandani. Mwangalie akichuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta. Mtoto mwenye tatizo la nyonga, goti au kifundo cha mguu hupata taabu hapo. Mwambie akimbie hadi mlangoni na kurudi, ukitazama kama anakanyaga miguu yote kwa uzito sawa. Mwangalie akiwa ndani ya chupi tu, ulinganishe goti na goti, paja na paja, kifundo na kifundo. Bonyeza taratibu kuanzia pajani hadi unyayoni. Akiruka au kulia kila unapogusa sehemu ileile, umepata jambo la kumwambia daktari.

Asubuhi moja haitoshi. Yapo magonjwa ambayo mwanzoni huja na kuondoka, mtoto akawa na siku nzuri katikati. Kwa hiyo tazama kwa wiki kadhaa, na uzifahamu dalili zinazofuata.

Dalili zisizoitwa kukua

Mpeleke mtoto hospitali ukiona mojawapo ya haya: maumivu ya mguu mmoja tu kila mara, au ya sehemu ileile, kuchechemea au kukataa kukanyaga, uvimbe, wekundu au joto kwenye kiungo, homa isiyo na sababu, kukakamaa asubuhi, maumivu yanayoendelea mchana na kumzuia kucheza, maumivu yanayozidi wiki baada ya wiki, kupauka, kuchoka haraka, alama za kuvilia damu bila kuanguka, au fizi na pua kutoa damu, macho ya manjano, kupungua uzito au kutoongezeka kwenye kadi ya kliniki, maumivu ya mgongo, au mguu kulegea ghafla na kukosa nguvu. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anayelalamikia miguu naye aonwe, kwa sababu umri wake ni mdogo kwa maumivu haya.

Homa pamoja na kukataa kukanyaga mguu ni dharura. Usisubiri kuche.

Nyuma ya dalili hizo kuna magonjwa, na hapa kwetu baadhi yake ni ya kawaida kuliko vitabu vya Ulaya vinavyoonyesha.

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotumika mara nyingi ni watoto 11,000 hadi 14,000 kila mwaka. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na mfupa hukosa damu. Maumivu yake yanaweza kuja usiku, yakashika miguu yote miwili, na kati ya shambulio moja na jingine mtoto akacheza kama wenzake. Ndiyo maana ni rahisi kuitwa "anakua". Kinachoitofautisha ni historia: viganja na nyayo kuvimba alipokuwa mchanga, macho ya manjano, kupungukiwa damu mara kwa mara, bandama kuvimba, kulazwa kwa homa. Mtoto akitambuliwa mapema hupewa dawa za kumkinga na maambukizi na malaria, na wengi hunufaika na dawa ya haidroksiyurea inayopunguza mashambulio. Msimamo wangu ni huu: mtoto mwenye maumivu ya miguu yanayojirudia, ambaye hajawahi kupimwa selimundu, apimwe. Swali hilo lifungwe kwa kipimo, lisifungwe kwa kukisia.

Homa ya baridi yabisi. Hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa sawasawa. Leo goti limevimba na kuuma hata shuka likiligusa, kesho kutwa maumivu yamehamia kwenye kifundo au kiwiko. Mtego wake ni kwamba viungo hupona vyenyewe. Familia hushukuru, kumbe ugonjwa umeshagusa vali za moyo. Miaka baadaye kijana huyo huletwa akihema kwa shida, na vali zinahitaji upasuaji. Akitambuliwa kwenye hatua ya viungo, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne humkinga asirudiwe na ugonjwa na kuharibu moyo zaidi.

Maambukizi ya mfupa au kiungo. Bakteria huingia kwenye mfupa kupitia damu, mara nyingi bila kidonda cha kuonekana. Mtoto ana homa, anauma sehemu moja, hataki mguu uguswe. Kwa kuwa watoto huanguka kila siku, familia hukumbuka anguko fulani, ikaamua ameteguka na kumpeleka kwa mchuaji. Kuchua mfupa wenye usaha humtesa mtoto na kupoteza muda. Maambukizi ndani ya kiungo cha nyonga yanaweza kukiharibu kwa siku chache tu, na mtoto akachechemea maisha yake yote.

Saratani ya damu. Ni nadra, lakini ndiyo saratani inayoongoza kwa watoto duniani, na maumivu ya mifupa ya miguu yanaweza kuwa dalili yake ya mwanzo. Hufuatana na kupauka, homa, tezi kuvimba na kuvilia damu. Katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye aina inayowapata watoto zaidi hupona. Hapa nchini matibabu yapo kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, Bugando na KCMC. Kinachowaangusha wengi ni kufika wakiwa wamechelewa.

Nyonga. Ugonjwa wa nyonga mara nyingi huhisiwa kwenye goti au paja. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anayechechemea, au kijana anayebalehe, hasa mwenye uzito mkubwa, anayelalamikia goti wakati goti lenyewe ni zima, apimwe nyonga. Picha ya goti pekee itarudi safi na kuwadanganya wote.

Matege na maji ya floraidi. Miguu inayopinda kadiri miaka inavyokwenda, pamoja na maumivu, ni jambo la mifupa kukosa vitamini D au madini ya chokaa. Na kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna la ziada: baadhi ya visima na chemchemi vina floraidi nyingi kuliko kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ishara ya kwanza ni meno ya kahawia. Floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi huumiza na kupinda mifupa. Kuchemsha maji hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani floraidi hubaki. Ulizeni kwenye mamlaka yenu ya maji kisima kipi ni salama kwa watoto.

Mle chumbani kwa daktari

Mzazi, una haki ya kutarajia mambo machache. Mtoto aulizwe mwenyewe anaumwa wapi. Avuliwe nguo. Viungo vyake vikunjwe na kunyooshwa, ikiwemo nyonga. Tumbo lake liguswe kutafuta bandama na ini. Macho na kope zitazamwe. Apimwe uzito na urefu na vilinganishwe na kadi. Atembezwe. Yote hayo huchukua dakika chache na hayahitaji mashine.

Tabia zote saba nilizotaja zikiwapo, na uchunguzi ukawa safi, mtoto hahitaji vipimo vingi wala picha, isipokuwa kile cha selimundu kama hajapimwa. Kama kuna shaka, kipimo cha picha kamili ya damu na eksirei ya sehemu inayouma ndiyo mwanzo mzuri.

Nasikitishwa na mtindo ulioenea wa mtoto mwenye maumivu ya miguu kupimwa taifodi kwa kipimo cha Widal na mkojo, kisha kutoka na dawa za antibayotiki za siku saba. Kipimo cha Widal hutoa majibu ya uongo mara nyingi, na mkojo uliokusanywa vibaya huonyesha wadudu wasiohusika. Maumivu yanapotoweka wiki hiyo, kama ambavyo yangetoweka bila dawa, kila mtu huamini taifodi imepona. Yanaporudi, huongezwa dozi nyingine. Fedha za familia zimekwenda, na bado hakuna aliyegusa goti la mtoto.

Akiamka usiku ufanye nini

Mwamini kwanza. Keti naye, mshike, mchue taratibu vigimbi na mapaja kwa mafuta ya kawaida. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, ambayo umeyajaribu kwa mkono wako, husaidia. Watoto wengi hulala tena kwa hayo tu.

Usiku wenye maumivu makali unaweza kumpa parasetamo kwa uzito wake: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 20 atatosheka na nusu ya kidonge cha miligramu 500. Ukijikuta unaitoa usiku mwingi wa wiki, rudi kliniki.

Kunyoosha misuli kabla ya kulala kuna faida. Utafiti wa Canada wa mwaka 1988 uliona watoto walionyooshwa misuli wakipata nafuu haraka kuliko wale ambao hawakufanyiwa hivyo. Mlaze mtoto chali, goti limenyooka, kisha sukuma unyayo wake polepole kuelekea ugokoni, mhesabu pamoja hadi 20. Halafu inua mguu wote ukiwa umenyooka hadi ahisi kuvutika nyuma ya paja. Mgeuze alale kifudifudi, kunja goti kisigino kielekee kalioni. Fanya kila mguu mara chache. Pasiwe na kulazimisha. Ni mchezo wa dakika tano.

Na haya usiyafanye. Usimpe aspirini, kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi inaweza kudhuru ubongo na ini. Usimpe diklofenaki za mtu mzima. Usikubali predinisoloni au deksamethasoni "kwa ajili ya miguu" bila ugonjwa kutajwa na kuthibitishwa, kwa sababu dawa hizo huweza kuficha saratani ya damu kwa wiki kadhaa na kuvuruga matibabu yake. Usiruhusu chale, wembe unaweza kumwachia mtoto maambukizi ambayo hakuwa nayo. Na usikimbilie sindano ya kalioni. Ikichomwa mahali pasipofaa hujeruhi neva kubwa inayokwenda mguuni, mtoto akabaki anaburuta unyayo. Huko Kumi, mashariki mwa Uganda, madaktari wa upasuaji wameeleza kwa kina watoto waliopooza mguu au kukakamaa misuli ya makalio baada ya sindano, nyingi zikiwa zimechomwa kwa homa za kawaida. Sindano iwe kwa ugonjwa unaoihitaji, kama ile ya penisilini, na ichomwe na mtaalamu.

Ombi kwa wenzangu na kwa serikali

Wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, najua foleni zenu. Mnaona watu wengi kwa siku na chumba ni kimoja. Hata hivyo naomba neno "anakua" lisiandikwe kwenye daftari la mtoto kabla ya kuandikwa: hachechemei, viungo havijavimba, nyonga zinazunguka, hajapauka, bandama haiguswi. Mstari mmoja tu. Atakayempokea mtoto huyo baadaye atajua mlichokiona siku hiyo, na mabadiliko yataonekana.

Na kwa wanaopanga huduma: upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga bado haujafika kila kituo kinachozalisha. Kwa nchi yenye mzigo huu, mtoto asisubiri kulia kwa mifupa akiwa na miaka mitano ndipo tujue alizaliwa nao. Kipimo cha haraka cha tone la damu kipo. Kiwekwe pale pale mtoto anapopata chanjo, kiwe sehemu ya kadi yake.

Kwako mzazi, kazi ni ndogo. Chukua daftari la shule lililoisha, uandike kwa wiki mbili: usiku gani alilia, saa ngapi, mguu upi, sehemu gani, ulifanya nini, ilichukua muda gani kutulia. Kando yake andika asubuhi alikuwaje: alishuka kitandani vipi, alichuchumaa, alikimbia, alikuwa na homa au hakuwa nayo. Dalili ya hatari ikitokea hata siku ya kwanza, acha kuandika uende hospitali. Isipotokea, njoo kliniki na daftari hilo pamoja na kadi yake. Daktari atakayelisoma atakuwa amepata nusu ya jibu kabla hajamgusa mtoto.